Asiniulize Mtu

Kila mahali pana mtu wa vyoo, na hapa Tolvik mtu huyo ni mimi. Naitwa Ardis. Nimeendesha basi la shule miaka thelathini na miwili, na tangu nistaafu mimi ndiye mkuu wa vyoo vya Siku ya Kupura. Msicheke. Mwenyekiti wa kamati anakata utepe, kina mama wanaooka pai wanashukuriwa kanisani, wenye matrekta wanatolewa gazetini. Mimi nikifanya kazi yangu vizuri hakuna anayenitaja, na nikiikosea watu elfu tatu wananitaja kwa mkupuo.

Siku yenyewe ni Jumamosi ya pili ya Agosti. Tunatoa ghalani mashine za mababu, tunapura ngano kwa mvuke, vumbi linatuingia hadi kwenye meno, halafu tunakula pai. Waliohamia Arizona wanarudi. Waliogombania mpaka wa shamba wanakaa benchi moja na kupitishiana haradali. Ukikosa Siku ya Kupura, watu wa hapa kwetu Wisconsin wanaanza kuulizana umezikwa lini.

Sasa mimi si mtu wa kupuuza wenzangu. Miaka mitatu nyuma tuliambiwa kwamba sherehe kubwa kama yetu inatakiwa iwe na vyoo ambavyo kila mtu ataweza kuvitumia: mwenye kiti cha magurudumu, mwenye mkongojo, mwenye mgonjwa wake, wote. Nikasema sawa, tuwaulize wenyewe wako wangapi. Nikachukua karatasi, nikapiga mistari, nikaandika juu kwa wino mwekundu: WANAOHITAJI CHOO MAALUMU SIKU YA KUPURA WAANDIKE MAJINA HAPA. Nikaibandika kwenye ukumbi wa kanisa, ukutani karibu na birika la kahawa, pale ambapo kila Jumapili mji mzima husimama na vikombe. Hata kalamu niliifunga kwa uzi isitembee.

Ilikaa wiki sita. Halikuandikwa jina hata moja.

"Mmeona?" nikawaambia kamati. "Hakuna anayehitaji." Tukaagiza choo kipana kimoja kwa ajili ya kanuni tu, kikawekwa mwisho wa mstari kule kwenye nyasi, na kwa kuwa hakikuwa na mwenyewe, kina mama wa pai wakakijaza maboksi ya sahani za karatasi. Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo, na uliofuata pia. Nami nikajiona mchapa kazi.

Mwaka huu, mwezi wa Mei, kaka yangu Verlyn akaniambia haji kwenye sherehe.

Alisema hivyo jikoni kwake, huku akinimiminia kahawa, kama mtu anayekuambia maziwa yamekwisha. Verlyn ananizidi miaka minne. Trekta la mvuke ni la babu yetu, na Verlyn ndiye anayeliwasha. Anaamka alfajiri, anachochea kuni, anapanda juu, na saa nne kamili anavuta filimbi. Bila filimbi hiyo hakuna anayegusa hata mganda mmoja wa ngano. Amefanya hivyo miaka arobaini na moja. Alifanya mwaka aliovunjika mbavu. Alifanya mwaka tuliomzika mama, siku nne baada ya mazishi, machozi yakimchora mistari kwenye masizi.

"Huji kwa nini?" nikamwuliza.

"Magoti."

"Magoti yapi? Juzi nimekuona juu ya paa la ghala."

"Basi mgongo."

"Verlyn, chagua kiungo kimoja tukijadili."

Hakucheka. Na Verlyn huwa anacheka nikimkaba. Wifi yangu Marlys alikuwa anasugua sinki ambalo lilishatakata. Nilipomtazama aligeukia dirisha, kana kwamba ng'ombe wanataka kumwambia kitu.

Nilijua kwamba Februari alilazwa. Tuliambiwa ni "tumbo kidogo". Kwetu sisi "tumbo kidogo" inaweza kuwa kiungulia na inaweza kuwa kaburi, na husemwa kwa sauti ile ile. Nilipeleka bakuli la viazi na nyama, nikashukuriwa mlangoni. Tangu hapo hakuonekana kanisani, wala kwenye karata za Alhamisi, wala mnadani. Kila Jumapili nilimpigia simu. Una nini? Sina kitu. Unaumwa? Siumwi. Niliuliza kwa upole, nikauliza kwa ukali, na siku moja nikauliza huku nalia. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini wahenga hao hawakuzaliwa Tolvik. Huku mtu nyumba yake ikiungua, ukimwuliza kama anahitaji maji atakuambia la, asante, msijisumbue.

Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwamba kaka yangu amejifungia ndani ili afe taratibu bila kumsumbua mtu, na kwamba mimi nitapata habari pamoja na watu wengine, kwenye tangazo la kanisa.

Mwezi wa Juni akaja kwenye kikao chetu Renata Kubiak. Renata anafundisha sayansi shuleni, alihamia hapa kutoka Milwaukee mwaka juzi, na anatembelea kiti cha magurudumu. Ana mdomo. Nilimpenda dakika ile ile, ingawa sikumwonyesha.

"Nani mwenye vyoo hapa?" akauliza.

"Mimi."

"Mwaka jana saa sita mchana niliacha pai yangu mezani nikaenda nyumbani kukojoa. Sikurudi. Choo chenu kilikuwa kimejaa sahani."

Mtu akakohoa. Mwenyekiti akaanza kusoma ajenda upya kana kwamba imeletwa sasa hivi.

Nikajitetea. "Mwalimu, tuliuliza. Karatasi imekaa wiki sita, hakuna aliyeandika jina."

"Imekaa wapi?"

"Kanisani. Pale kwenye birika la kahawa."

"Kwenye birika la kahawa," akarudia polepole. "Kwa hiyo mtu aweke kikombe chini, ashike kalamu yenye uzi, na mbele ya mchungaji na majirani zake wote aandike: mimi fulani bin fulani nina shida ya choo."

"Ndiyo. Ndivyo."

"Wewe ungeandika?"

"Mimi sina shida."

"Sijakuuliza kama una shida, mama. Nimekuuliza ungeandika?"

Mwaka niliopata nimonia sikutaka hata jina langu liwekwe kwenye orodha ya maombi. Nilimwambia mchungaji amwachie Mungu agundue mwenyewe. Basi nikanyamaza, na Ardis kunyamaza ni habari ya kutolewa gazetini.

Kesho yake Renata akanipeleka uwanjani. Akanikalisha kwenye kiti chake cha zamani, akanyoosha kidole kule mwisho wa mstari ambako choo kipana huwa kinawekwa. "Haya," akasema. "Umebanwa. Nenda."

Hatua ishirini za kwanza nilikuwa nacheka. Kisha nikaingia kwenye nyasi, magurudumu madogo ya mbele yakazama, nikasukuma mpaka mabega yakawaka moto. Jasho likanitoka. Nilipofika kwenye kile kibanda tulichokuwa tumekileta kwa majaribio, nikakuta kizingiti chake kina kimo cha vidole vinne. Vidole vinne tu! Nikakigonga mara tatu, kiti kikarudi nyuma mara tatu. Renata alikuwa ananitazama huku anakula tufaha.

"Bado umejizuia?"

"Nimeshindwa, mwalimu."

"Na hapo hakuna foleni wala matope."

Nikatoka kwenye kiti nikajifuta. "Haya, wewe nimekuona. Na hao wasio na kiti je? Nitawajuaje?"

"Hao ndio wengi, na kwa macho hutawajua," akasema. "Waulize mahali ambapo hakuna anayewaona. Usiwaulize majina. Usiwaulize wana ugonjwa gani. Waulize mwaka jana waliondoka saa ngapi, na kwa nini, na mwaka huu wangehitaji nini."

Tukachukua maboksi manne ya viatu, tukayatoboa mfuniko, tukayatundika ndani ya vyoo: cha kanisa, cha zahanati, cha maktaba na cha duka la vyakula vya mifugo. Ndani kabisa, nyuma ya mlango, pamoja na penseli na vipande vya karatasi. Hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu wa Tolvik huwa peke yake na ukweli wake.

Baada ya wiki tatu tukayamwaga mezani jikoni kwa Renata. Karatasi sitini na tatu.

*Saa tano. Mume wangu anasahau kila kitu siku hizi, hawezi kuingia peke yake, na mimi siwezi kuingia naye kwenye mlango wa wanaume.*

*Nakaa mpaka mwisho, ila sinywi kitu tangu jana yake. Nikizimia juani mtajua sababu.*

*Mwanangu ana miaka kumi na tisa, bado anavaa nepi. Nambadilishia chini, kwenye sakafu ya gari. Amekuwa mzito.*

*Mlango wa wanawake wananikodolea macho, wa wanaume wananikodolea macho. Naenda kwenye mahindi.*

*Sikuondoka. Sikuja.*

Hawa ni watu ninaowajua. Nusu yao nimewabeba kwenye basi langu wakiwa na mikoba mikubwa kuliko wao. Nikaona aibu, ile ya kweli, inayopasha masikio. Miaka mitatu nimekuwa nikiwaonyesha watu karatasi tupu na kusema hakuna mwenye shida.

Kisha nikafungua moja ya lile boksi la duka la mifugo. Herufi kubwa tupu, zimekandamizwa mpaka penseli imetoboa.

RAFU. MAJI. KOMEO LINALOFUNGA KWELI. NA ASINIULIZE MTU.

Mkono ule naujua tangu sijajua kusoma. Ndio umeandika kila gunia la mbegu na kila debe la misumari kwenye ghala la baba yetu.

"Rafu ya nini?" nikauliza.

Renata akaichukua. "Huyu ana mfuko tumboni. Waliokatwa utumbo, wengine choo chao kinatokea hapa ubavuni, kinaingia kwenye mfuko. Lazima uumwage, mara nyingine uubadilishe. Sasa vifaa vyako utaviweka wapi, sakafuni kwenye mikojo ya watu? Anachoomba ni ubao tu, mama. Ubao na maji." Akanitazama. "Unamjua?"

"Hapana," nikasema, na kahawa ikanipalia mpaka akanipiga mgongoni. Hakuuliza tena, Mungu ambariki.

Nilipotoka kwake niliendesha gari moja kwa moja mpaka kwenye njiapanda ya kwa Verlyn. Nikazima injini. Mficha maradhi kilio humuumbua: hilo ndilo nililokuwa nalo mdomoni, na mengine mengi nyuma yake. Sisi ni watoto wawili tu tuliobaki, kwa nini umenificha, mimi ni nani kwako, mpita njia? Nilishashika kitasa cha mlango wa gari. Lakini niliyasoma maneno yake kwa macho yangu, na aliyeyaandika hakuwa mtoto. Nikageuza gari. Kusukuma kiti cha Renata kwenye nyasi kulikuwa mchezo kulinganisha na kugeuza gari lile.

Hasira zangu zote nikazimalizia kwenye kazi. Tukaagiza vibanda vipana vitatu, visivyo na kizingiti. Tukavitoa kule mwisho tukavileta kwenye changarawe, katikati ya jukwaa na trekta, na mahali palipokuwa na nyasi tukalaza mbao. Alama za wanaume na wanawake tukaziondoa mstari mzima. Kila mlango ukaandikwa kilichomo ndani, basi. Kimoja kikawekewa kitanda cha kubadilishia mtu mzima, na pazia, na nafasi ya wawili kusimama. Kingine nikakipigia rafu mwenyewe, kimo cha kiwiko, na misumari ya kutundikia nguo, na pipa lenye mfuniko, na sinki linalotoa maji ukikanyaga kwa mguu. Komeo nililibadilisha mara mbili. La tatu lilifunga kwa mlio wa kuridhisha.

"Ardis," mwenyekiti akaniuliza, "hii ni sherehe ya ngano au ya vyoo?"

"Ngano ikishaingia mdomoni, mwenyekiti, ina safari yake. Usijifanye huijui."

Nikachora ramani, nikaipeleka gazetini wiki mbili kabla. Chini yake niliandika: *Choo chenye rafu na maji kiko karibu na trekta la mvuke. Komeo ni zima. Hakuna ufunguo wa kuomba, hakuna orodha. Chagua mlango unaokufaa.* Gazeti lina wasomaji elfu mbili, lakini mimi nilimwandikia mmoja.

Siku tano baadaye Marlys akanipigia. "Wifi, Verlyn anasema labda atapita asubuhi. Kutazama tu, wasije wakaacha boila ikauka."

"Aa, sawa," nikasema, kama mtu aliyeambiwa kutakuwa na mawingu. Nikaweka simu chini, nikacheza jikoni peke yangu mpaka paka akakimbia.

Na sasa nifike pale nilipoharibu.

Jumamosi yenyewe nilifika uwanjani kabla ya jogoo. Vyoo vinang'aa. Nikaingia kwenye kile chenye rafu, nikapitisha kitambaa juu ya ubao, na hapo wasiwasi ukanishika. Vijana watakuja kuvutia sigara humu. Kina mama wa pai wataleta maboksi. Mtu mwenye haraka zake ataacha uchafu, na Verlyn atakapokuja atakikuta hivyo, ujasiri wake wote uishie hapo. Nikataka kiwe safi kwa ajili yake. Basi nikamwita Orrin Sletten, tarishi mstaafu, nikampa kiti cha kukunja na kizibao cha rangi ya machungwa. "Kaa hapa, Orrin. Hakikisha wanaoingia ni wale wanaohitaji." Orrin anapenda kazi yoyote inayokuja na kizibao. Alikaa wima kama askari wa benki.

Saa tatu nikamwona Verlyn anazunguka trekta la babu, mikono nyuma, mgeni tu anatazama. Saa tatu na robo alikuwa anawaambia waliolishika kuni zao ni mbichi. Saa tatu na nusu alikuwa juu. Saa nne kamili akavuta filimbi, na mimi nikageukia turubai la maji ya limau nikalia kwenye aproni ya mtu ambaye mpaka leo simjui.

Saa sita na nusu akashuka. Alijifuta masizi, akaenda kwenye gari lake, akatoa mfuko mdogo wa turubai, akaja kwenye changarawe. Hakuwa anakimbia, hakuwa anajificha. Nilikuwa umbali wa meza mbili, na glasi mkononi.

Orrin akainuka na tabasamu lake lote. "Verlyn! Za siku nyingi, bwana! Sikiliza, hiki ni cha wenye matatizo. Cha kawaida kile pale." Halafu, kwa kuwa ni mtu mwema, akaongeza, "Au una tatizo? Una nini?"

Walikuwa sita kwenye foleni. Wote wakageuka, kwa nia njema kabisa, kusikia jibu.

"Sina kitu," Verlyn akasema. Akageuka, akarudi kwenye gari.

Jamani. Mambo manne aliyaomba. Matatu niliyahangaikia wiki tano, nikayapigia misumari, nikayatangaza gazetini. La nne lilikuwa la bure, nami nikaliwekea mlinzi mlangoni aliulize.

"Vua hicho kizibao," nikamwambia Orrin.

"Nimekosa nini?"

"Wewe hujakosa, nimekosa mimi. Nenda kale pai, ya cherry, sema nimekutuma." Nikakunja kiti chake nikakitupa nyuma ya turubai, nikaondoka mbio, kama miaka sitini na saba inaruhusu mbio.

Verlyn alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani, injini inaunguruma, mfuko wa turubai mapajani. Trekta la babu lilikuwa linafuka peke yake huko nyuma, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana hajawahi kuliacha na moto. Nikasimama kwenye dirisha lake. Maneno yote niliyoyameza kwenye ile njiapanda yakapanda tena, pamoja na samahani, najua, na mengine ambayo kwetu husemwa mtu akishakuwa ndani ya sanduku. Nikayang'ata.

"Nimemwondoa Orrin," nikasema.

"Kwa nini?"

"Alikuwa anawauliza watu."

"Si ndiyo kazi uliyompa?"

"Ndiyo. Nilikosea. Kuna mtu alishaandika kwamba hataki kuulizwa."

Verlyn akatazama usukani wake. "Nani huyo?"

"Hakuweka jina."

Akaninyanyulia macho, na hakuyashusha upesi. Uso wangu ulikuwa umelowa, na nadhani pua ilikuwa inachuruzika, sikujifuta.

"Na wewe hukufuatilia ni nani?"

"Sikufuatilia."

"Wewe, Ardis?"

"Mimi, Ardis."

Kisha akazima injini, akashuka na mfuko wake, akanipita. Sikumfuata. Nikauendea uzio, nikaupa mgongo mstari mzima wa vyoo, nikakodolea macho mashine ya kupura kama sijapata kuiona. Nyuma yangu nikasikia lile komeo linafunga. Kina mama wawili walipita wakanisemesha, nikawajibu sijui nini. Dakika kumi na mbili. Mimi ambaye kila taa ya jirani ikiwaka nainuka kuchungulia, sikugeuza shingo hata mara moja.

Alikuja akasimama kando yangu. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko na ikinukia sabuni. Tukatazama ngano inavyoruka.

"Walinikata utumbo Februari," akasema. Sikuwa nimefungua mdomo. "Saratani. Wanasema wameitoa yote, tutaona Novemba. Nina mfuko hapa." Akagusa ubavu wa kushoto juu ya ovaroli, taratibu, kama mtu anayeonyesha mahali alipoketi mgeni. "Huwa unatoa milio. Siwezi kuuzuia. Niliogopa utapiga kelele kanisani katikati ya sala."

Nilikuwa na maswali mia na moja. Daktari gani, unakula nini, unaumia, unalala vipi, Novemba tarehe ngapi.

"Pole, kaka," nikasema.

"Haya."

Ngano ikaruka. Mtu jukwaani akaanza kurekebisha kinanda cha kodiani.

"Marlys ameupa jina huo mfuko," akasema. "Kule hospitali waliambiwa inasaidia."

Hapo nikashindwa, mnisamehe. "Jina gani?"

"Ardis," akasema kaka yangu, bila kupepesa. "Kwa sababu haunyamazi."

Nilicheka mpaka nikalia, nikamshika ile ovaroli yenye masizi kwa mikono miwili mbele ya watu wote, jambo ambalo hatujawahi kufanya tangu mazishi ya mama, na akaniacha nimshike. Halafu akaniambia nimwachie, moto unapungua. Akapanda juu ya trekta, akakaa huko mpaka saa kumi na moja jioni, mganda wa mwisho ulipokwisha.